Vipete Vilivyokimbia Joto

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Shahd alifungua kijisanduku chake pale maabara, akaweka kibati chenye ukubwa wa ukucha chini ya hadubini, akapiga ukelele. Ndani ya kibati kile mlikuwa na vipete vya sumaku, vidogo kuliko vumbi, alivyohangaika kuvipanga miaka mitatu. Sasa vyote vimerundikana ukingo mmoja! Na Jumatano alikuwa asafiri kwenda kuvionyesha ng'ambo, apewe nafasi ya masomo.

Kufika adhuhuri, Hosea, fundi wa maabara, alikuwa mahabusu. Ndiye mwenye jiko la umeme, ndiye aliyegombana na Shahd Ijumaa, na Shahd mwenyewe ndiye aliyemtaja. Inspekta Asheri hakupenda kesi nyepesi namna hiyo.

"Joto linavifanya nini hivi vipete?" alimuuliza Shahd maabara.

"Vinalikimbia. Ukipasha upande mmoja, vinahamia upande wa baridi."

"Na jiko la Hosea?"

"Linapasha kutoka chini, sawasawa kote..." Shahd akashtuka. "Basi si lile jiko!"

Asheri akanusa pamba ya kijisanduku. Ilinuka udi.

"Jana kilikuwa wapi?"

"Nyumbani Ngamiani, chumbani kwangu, tangu Ijumaa jioni."

Saa kumi alasiri walikuwa chumbani humo na Bi Malak, mama yake Shahd. Chetezo cha kufukizia udi kilikuwa bado na majivu.

"Shikamoo, mama. Jana ulifukiza nini?"

"Marahaba, baba. Nguo za mwanangu za safari."

Asheri alifungua begi, akanusa nguo moja moja. "Hizi zinanuka sabuni tu. Kinachonuka udi ni kijisanduku."

Bi Malak akaanza kulia. "Nilimsikia kwenye simu akisema kikipata moto safari hakuna. Nikakiegemeza kwenye chetezo. Kaka yake, Yazid wangu, alikwenda hukohuko kusoma, mwaka wa tisa huu sijamtia machoni. Na huyu naye aende?"

"Mama! Hosea yuko ndani kwa maneno yangu!"

Asheri alikuwa amempata mkosaji, lakini maskini, hakujua amfanye nini.

"Havirudishiki?" alimuuliza Shahd.

"Labda miaka mitatu mingine." Shahd alijitanda buibui lake. "Nipeleke kwa Hosea nikamwombe radhi."

Bi Malak aliwafuata hadi mlangoni. "Utarudi saa ngapi, mwanangu? Nikuwekee chakula."

"Sijui, mama."