Injini ya Al-Hamra

Injini ilikuwa na joto. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza, na kama Protus angekuwa mtu wa kuusikiliza mwili wake, angeiacha hapo hapo akarudi Riyadh mkono mtupu. Ilikuwa imekaa miaka ishirini na minane bila kuwashwa, ndani ya stoo ya nyuma ya jumba moja la mtaa wa Al-Hamra, Jeddah, mahali pasipofika jua. Vyuma vingine vyote mle ndani vilikuwa baridi. Yenyewe tu, alipoiwekea kiganja, ilikuwa na joto la mtoto mwenye homa. Akavuta mkono, akaupangusa kwenye suruali, akajiambia hii ni Jeddah, hata kivulini watu wanatoka jasho.

Wacha nimtetee kidogo, maana ni rahisi kumcheka mtu ukiwa umeketi kwako. Protus alikuwa fundi wa magari, mzaliwa wa Malava kule Kakamega, na huo ulikuwa mwaka wake wa pili katika gereji ya Abu Nayef, Riyadh. Jumanne ya wiki ile baba yake alifariki. Maiti ilikuwa mochari, mazishi yamepangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na kwao mkono wa kifungua mimba ndio unaotupa udongo wa kwanza kaburini. Kifungua mimba ni yeye. Asipofika, watu wangemfunika mzee, ndiyo, lakini ingesemwa mpaka kwa wajukuu kwamba mwanawe mkubwa hakuwepo. Na pasipoti yake ilikuwa ndani ya sefu ya kafili, yaani Abu Nayef mwenyewe, bosi aliyemdhamini. Bila kafili kutia sahihi khuruj, ile ruhusa ya kutoka nchini, huondoki Saudia, ulie usilie.

Abu Nayef hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kitu kimoja. Alikuwa na gari la Kimarekani la mwaka wa sabini, milango miwili, pua ndefu, alilorithi kwa marehemu babake, na injini yake ya silinda nane ilikuwa imetolewa na kuuzwa zamani sana. Aliitaka hiyo hiyo iliyozaliwa nalo, yenye namba inayolingana na ya gari, na iwe haijatembea sana. Alikuwa ameitafuta miaka sita. Protus alipomwendea kuomba ruhusa, machozi yakimtoka, bosi alimjibu kwa upole kabisa: leta makina, chukua khuruj. Makina ni injini. Yaani alimwambia mtu aliyefiwa akatafute chuma.

Basi Protus akapiga picha ya namba ya gari, akaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha Wakenya walio Saudia, akawasihi wote wanaofanya kazi majumbani wachungulie kwenye stoo za mabosi wao. Wengine walimtania, wakamuuliza kama anataka na usukani. Siku ya tatu akajibu Rispah, dada wa Kisii anayefanya kazi za ndani kwa mjane mmoja huko Al-Hamra. Alikuwa ameipata. Namba ile ile, na juu yake kibati kimefungwa kwa waya, kimeandikwa kwamba imetembea maili elfu saba tu. Madam wake alikuwa amesema waichukue bure, ila waitoe haraka. Mwenye akili timamu angeuliza kwa nini bure, na kwa nini haraka. Protus alipiga magoti akamshukuru Mungu.

Alipofika akakuta imegandia sakafu. Oili ya miaka yote hiyo ilikuwa imevuja ikakauka ikawa kama lami, na kila fundi anajua dawa ya hali hiyo ni maji yanayotokota. Akamwomba Rispah sufuria moja kutoka jikoni. Rispah akaileta ameishika kwa kitambaa, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Kaka, kabla hujamwaga sema bismillahi," alisema kwa sauti ya chini. "Madam alinifunza siku ya kwanza. Nyumba hii hatumwagi maji moto kimya kimya, hata kwenye sinki."

Protus akamuuliza tangu lini Msabato akasema bismillahi. Rispah akamjibu kwamba yeye husema, tena kwa sauti, na hajali nani anacheka. Kuna viumbe wanaokaa mahali penye kiza na unyevu, ukitoa sauti wanapisha, usipotoa unawachoma. Protus akasema yeye ni mtu wa kanisa la Friends, kwao wanaomba wakitaka kula. Akamwaga.

Mvuke ulipanda, na ndani ya chuma kikasikika kitu kama mtoto anayevuta pumzi, ile pumzi ndefu inayotangulia kilio, ambayo mama yeyote akiisikia huacha alichoshika. Kilio chenyewe hakikuja. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Protus aligeuka kumuuliza Rispah kama amesikia, akakuta mlango mtupu. Baadaye dada huyo alimtumia ujumbe mmoja tu, kwamba asimtafute tena kwa habari ya kitu hicho.

Aliifunga kwenye lori, akaipeleka Riyadh mwenyewe, siku nzima barabarani. Abu Nayef alipoiona aliibusu. Akasema Alhamisi alasiri atakuja kuisikia ikinguruma, na akiisikia tu atatia sahihi pale pale, tiketi ya jioni hiyo hiyo. Protus akahesabu siku. Alhamisi jioni aondoke, Ijumaa awe Kakamega, Jumamosi azike. Inawezekana. Akapiga moyo konde, akaipachika kwenye gari, akaanza kazi.

Ilikuwa kiangazi, na kiangazi huko kazi ya juani husimama kuanzia saa sita mpaka saa tisa. Wenzake walikwenda kulala kwenye chumba chenye kipoozahewa. Jumatatu saa sita Protus hakulala. Alijilaza chali chini ya gari, akafungua nati ya kumwagia oili. Oili ya zamani hutoka nyeusi. Hii ilitoka nyeupe. Hakushtuka sana, maana oili ikiingiwa na maji hugeuka nyeupe, na hiyo ni gasketi imekufa, kazi ya siku moja. Kisha tone moja likamwangukia mdomoni. Lilikuwa vuguvugu na tamu. Protus ndiye mkubwa wa ndugu saba, utoto wake wote aliishi katika harufu ile, na hakuna aliyehitaji kumwambia ni nini. Yalikuwa maziwa ya mama. Alitema mpaka koo likamuuma.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angesema nini? Ukisema umeona shetani, bosi anasema unatafuta sababu ya kukwepa kazi.

Jumanne saa sita, gereji ikiwa kimya, jua limesimama utosini, betri ikiwa bado mezani na tangi halina hata tone la petroli, injini ile ilianza kunguruma yenyewe, taratibu, kama mtu anayeguna usingizini, na Protus, aliyekuwa ameinama juu yake na spana mkononi, akataka kurudi nyuma, na alipoinua macho akaona ng'ambo ya boneti mwanamke amevaa abaya nyeusi, mikono ameikunja kifuani kama aliyepakata mtoto lakini haikuwa na mtoto, na kifua cha ile abaya kimelowa kabisa, na kilichokilowesha kinadondoka sakafuni tone kwa tone, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa pale mpaka macho yakamwasha. Hakuwa na hasira usoni. Hilo ndilo lililomtisha Protus kuliko yote. Alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

Akasema kwa Kiswahili cha kwao Malava, "Wewe una maiti, na mimi nina maiti. Wako amelala kwenye barafu. Wangu yuko ndani ya chuma, wewe ndiye uliyemchoma, na sasa unataka kumwendesha barabarani."

Wenzake walipoamka saa tisa walimkuta ameketi chini, spana imemgandia mkononi.

Unadhani aliacha? Hakuacha. Alitaka kumzika baba yake. Usiku hakula, na Jumatano asubuhi alikuwa tena juu ya injini ile, anafunga nati huku akiomba na kulia. Akajiambia Alhamisi haiko mbali, akishapanda ndege hayo mengine ni ya Abu Nayef na gari lake. Angefanya hivyo, nakwambia. Lakini Jumatano mchana mke wake Beldina alipiga simu kutoka nyumbani, na nyuma ya sauti yake Protus alimsikia Fidel, mtoto wao wa mwaka mmoja na miezi minne ambaye alizaliwa yeye akiwa ameshaondoka, analia kwa sauti iliyopasuka. Beldina alisema tangu jana saa sita mtoto ametokwa na malengelenge mgongoni, kama aliyemwagiwa maji moto, na hakuna aliyemmwagia kitu. Zahanati wamempa mafuta ya kupaka. Hayasaidii.

Protus alikwenda kwa Idris, mzee wa Kisudani aliyelinda bohari ya jirani, ambaye watu humpelekea wagonjwa wao awasomee Kurani. Akamweleza yote kwa Kiarabu chake cha gereji, tangu sufuria mpaka malengelenge. Idris akaja, akaizunguka injini akisoma, akaweka sikio juu yake, kisha akaliondoa haraka.

"Huyu hataki damu," alisema. "Anataka kaburi. Izike kwa mikono yako mwenyewe."

"Nikiizika hii, simziki baba yangu."

"Baba yako ana watu. Huyu mtoto aliye humu ndani ana wewe tu."

Protus alilia hapo alipo, mtu mzima, bila kuficha uso. Alisema maneno ya kufuru ambayo sitayarudia. Halafu akaanza kufungua nati zile alizokuwa amezifunga asubuhi.

Alhamisi mapema walitoka na pikapu ya gereji, injini imefungwa shuka jeupe, maana Idris alisema haifai kumzika mtoto bila sanda. Nje ya mji wakaacha barabara, wakaingia mchangani. Protus alichimba peke yake mpaka viganja vikachubuka. Wakaiteremsha kwa mnyororo. Ilipogusa chini ilitoa pumzi, na safari hii kilio kikatoka, kimoja, kirefu, kisha kikanyamaza. Idris akasoma. Protus akachota mchanga, akautupa, wa kwanza, na ule mchanga ulipoanguka akamwona baba yake waziwazi, na yote aliyokuwa ameyabana wiki nzima yakamtoka. Akazungumza na yule mama kama tunavyozungumza na mfiwa yeyote. Akamwambia makiwa. Akamwambia amsamehe, hakujua. Na kwa kuwa sisi tumelelewa vibaya upande huo, hatujui kuagana na mtu bila kumkaribisha, akamalizia vile tunavyomalizia kila siku: na siku moja karibu kwetu, mama, Malava, ufike uwaone wa nyumbani.

Ndani ya pikapu Idris alimuuliza alikuwa anasema nini kwa lugha yake. Protus akamtafsiria. Mzee akamgeukia.

"Umemkaribisha?"

"Ni adabu tu," Protus akasema. "Kwetu ni maneno ya kawaida."

Idris akaanza kusoma tena, akasoma mpaka wakafika mjini.

Alasiri Abu Nayef alikuja na marafiki wawili waliovaa vizuri, akafungua boneti, akakuta shimo. Hakupiga kelele. Alisikiliza maelezo yote, akaifunga boneti taratibu, akasema mafi khuruj, halas. Hakuna ruhusa, imekwisha. Usiku ule Beldina alituma ujumbe kwamba Fidel amelala vizuri, na Protus akaona kwamba angalau hilo amelipata.

Jumamosi, muda wa mazishi, alijifungia stoo akakaa sakafuni. Simu ikaja saa kumi. Sauti ya Beldina ilikuwa imechoka lakini nyepesi. Alisema mzee amezikwa vizuri, watu walikuwa wengi, mvua haikunyesha. Protus akamuuliza swali ambalo lilikuwa limemkaa kooni siku zote hizo, ni nani aliyetupa udongo wa kwanza.

"Si ni yule mgeni uliyemtuma," Beldina akasema. "Yule mama wa buibui jeusi. Ndugu zako walitaka kukataa, akawaambia wewe ulimtupia wake, naye amekuja kukutupia wako. Wakampisha. Protus, ungeniambia mapema, ningemtayarishia mahali pa kulala."

Protus alimuuliza yuko wapi sasa.

Beldina alisema yuko nyuma ya jiko, kivulini, amempakata Fidel tangu saa sita. Mtoto amepona kabisa, mgongo laini. Kisha akashusha sauti kama mtu anayesengenya. Alisema amemkuta akimnyonyesha, akaona haya kumuuliza.

"Kamchukue mtoto," Protus akasema. "Beldina, usizungumze naye. Kamchukue sasa hivi."

Alisikia ndala zake zikivuka uwanja, kwanza polepole, kisha mbio. Akamsikia akiita Fidel. Akaita tena. Akaita mara ya tatu. Halafu, mbali kidogo, sauti nyingine ya kike iliita jina la Kiarabu ambalo Protus hakuwahi kulisikia, ikaliita kwa upendo, na mtoto wake akacheka akaitika, "Mama."