Mfereji wa Tutzor

Mwaka wa 1290 wa Hijria, Samarkandi ilikuwa imekwisha kutekwa, Bukhara imepiga magoti, na Khiva ingali inazika watu wake. Katika nyika yote ile ilibaki nchi moja tu ambayo haikutia muhuri karatasi ya Kaizari wa Kaskazini. Nayo ni Zarband, nchi ndogo isiyokuwa na dhahabu wala bandari, na ambayo majirani zake waliitaja pale tu walipotaka kuicheka.

Uhai wake wote ulitegemea mfereji mmoja, uliochimbwa chini ya ardhi na mababu wasiojulikana hata majina. Uliyatoa maji milimani, ukapita chini ya mji wa Khan, ukafika kijiji cha Tutzor penye miforosadi na nondo wa hariri, kisha ukaishia katika visima viwili vya jangwani.

Mfereji ule ulikuwa chini ya Nurmat, mzee wa miaka sitini aliyevaa joho la pamba la mistari, na cheo chake kiliitwa mirabu, yaani msimamizi wa maji. Kadhi alimpisha njiani, na wala si kwa kuigiza. Kila vuli Nurmat aliufunga mfereji ili watu washuke wazoe tope, na kila vuli aliufungua siku ya saba kabla ya adhuhuri. Pengine ulibomoka katikati ya mwaka, akaufunga vilevile, akautengeneza, na siku ya saba maji yakarudi. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuipitisha siku hiyo hata mara moja.

Na sheria ya maji ilikuwa kali. Atakayehama kijiji wakati mfereji umefungwa, yeye na uzao wake wamepoteza zamu yao ya maji daima. Iliwekwa zamani kwa ajili ya wavivu waliokimbia tope, lakini watu wa Zarband waliishika kama walivyoshika saumu. Nurmat mwenyewe ndiye aliyemfundisha sheria hiyo binti yake wa pekee, Oyniso, kabla hajaolewa huko Tutzor.

Majira ya kuchipua yalipofika, habari zikaja kwamba jeshi la Kaizari, watu elfu nne na mizinga kumi na miwili, linajiandaa kutoka ngomeni mwake ng'ambo ya jangwa. Lingebeba maji ya siku sita tu. Baada ya hapo lilitegemea vile visima viwili, na baada ya visima, Tutzor.

Khan Davlatyor, kijana aliyerithi kitara cha baba yake kabla hajakimudu, akamwita mirabu barazani na kumwamuru aufunge mfereji siku ile ile. Nurmat akajibu kwamba kuufunga ni kazi ya saa moja. Lakini birika la Tutzor lina maji ya siku saba kwa kubana sana, na watu kule wanapita mia mbili. Akaomba ruhusa ya kuwapelekea habari wahame.

Khan akakataa. Wapelelezi wa adui walikuwa wakikitazama kile kijiji kwa darubini kila asubuhi. Wasipoona moshi wa tanuri za mikate, wangejua pana hila, na jeshi lisingetoka mpaka lipate maji maradufu.

"Siku ya tano nitawapelekea ngamia arobaini wenye viriba," akasema Khan. "Naapa kwa kaburi la baba yangu."

"Binti yangu yuko kule, Khan wangu."

"Na dada yangu yuko Bukhara, anawaandalia chai maafisa wao. Unataka wa kwako naye aende huko?"

Nurmat akatoka. Akapanda mlimani kwenye mlango wa maji, akateremsha mbao kwa mkono wake, akaziziba kwa udongo na majani makavu. Mimi simlaumu kwa saa ile. Aliyaamini maneno ya Khan, na Khan mwenyewe aliyaamini.

Siku ya tano ngamia arobaini walikuwa tayari, na viriba vimejaa. Amiri wa wapanda farasi akaja akawachukua wote kwa ajili ya watu wake waliolinda njia ya kaskazini, na Khan, aliyekuwa hajalala siku tatu, akaridhia. Nurmat akamwangukia miguuni. Akaambiwa vita vina haki yake.

Siku ya saba, kabla ya adhuhuri, alisimama mbele ya mlango wa maji huku ameshika mbao. Walinzi wawili walikuwepo, lakini hawakumzuia, kwa kuwa hakujaribu. Adui alikuwa amefika visimani na kuanza kuchimba. Lau maji yangeachiwa yangewafikia, na Zarband ingekwisha. Adhuhuri ikapita. Nurmat akaswali, akashindwa kukumbuka rakaa.

Jeshi la Kaizari lilichimba visima vile mpaka likakuta mwamba. Wapelelezi wakatumwa Tutzor, wakarudi na habari kwamba birika limekauka na watu wameketi kando yake na mitungi mitupu. Basi jeshi likageuka nyuma, na jangwa likafanya kazi yake. Katika watu elfu nne, waliofika ngomeni hawakutimia mia tatu. Mwaka huo huo Kaizari akatia sahihi mkataba, na Zarband ikabaki huru, na watoto wa watoto wao wakaurithi uhuru ule. Waandishi wa Khan waliandika kwamba ushindi ulipatikana kwa makali ya vitara, nao ndio ushindi unaosomwa hadi leo.

Nurmat hakuwepo kwenye sherehe. Siku ya tisa, adui alipokwisha kugeuka, aliufungua mfereji, akapanda ngamia mmoja na kumswaga mwingine mwenye viriba, akayatangulia maji. Alifika Tutzor siku ya kumi asubuhi. Mitungi ilikuwa imepangwa kando ya birika kwa mpango wa zamu, kila nyumba mahali pake. Waliokuwa hai hawakufika ishirini, nao walilala kivulini mwa msikiti.

Mmoja wao alikuwa mkwewe Eshmurod, mume wa Oyniso; Oyniso mwenyewe hakuwamo. Hakuweza kusimama, akaweka mkono kifuani kumwamkia kama ilivyo adabu. Nurmat akamnywesha kidogo kidogo.

"Mfereji ulipatwa na nini, baba?" akauliza Eshmurod.

"Haukupatwa na kitu. Niliufunga mimi."

Eshmurod akanywa tena. Kisha akasimulia, bila hasira, kwamba siku ya nne wanaume walitaka kuwapakia watoto juu ya punda na kukimbilia milimani, mwendo wa siku mbili. Oyniso akasimama mlangoni mwa msikiti akawazuia. Aliwaambia wasipoteze zamu za watoto wao bure, kwamba baba yake hajapata kuipitisha siku ya saba. Nao wakarudi majumbani, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Na siku ya saba ilipopita?" akauliza Nurmat.

"Akasema basi umekufa, maana ungekuwa hai ungekuja. Alilia sana. Tukakusalia sala ya maiti, baba, hapa hapa, sisi tuliokuwa bado tunaweza kusimama."