Mgeni wa Jumamosi Sita

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa, mwaka 1979, Hortense aliamka, akafagia uwanja wake, akaanika nguo, kisha akajifunga kitambaa kichwani na kwenda kwa Mama Emérance kusaidia kupika. Mama Emérance alikuwa anaondoa matanga ya mumewe. Jua lilikuwa zuri. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakitwanga majani ya muhogo ya sombe, wanaume wakifunga maturubai kwenye miti, na mtu aliyepita barabarani hangeweza kujua kama pale ni matanga au ni harusi.

Hortense hakuwa amefiwa na mtu wa nyumbani kwake, na hilo ndilo lililokuwa linamuuma. Mwezi wa sita kamyo ya mizigo iliyokuwa inarudi kutoka Komanda ilianguka kwenye daraja la miti, ikaua watu sita. Wote sita walikuwa wa avenue moja, hapa Mbunya, mtaa wa mji wa Bunia, wachuuzi waliotoka Butembo na Lubero kutafuta maisha. Aliyekuwa kwenye usukani ni Kamate, mume wa Hortense. Yeye alitoka na jeraha la bega tu. Hakuna aliyemlaumu waziwazi, lakini Hortense aliona namna wajane walivyogeuza macho alipopita. Basi akaamua moyoni kwamba atapika kwenye matanga yote sita, mpaka ya mwisho.

Maana familia zilikuwa zimepatana kwamba kila moja itaondoa matanga kwa Jumamosi yake, ili watu wapate nguvu ya kufika kote. Baada ya hapo, tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja, siku ya kuwaombea marehemu, majina ya wale sita yangesomwa kanisani. Fulgence, katekista, alimwomba Hortense ayasome. Hortense alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na sauti yake ilifika nyuma kabisa. Angeyasoma yote, hata yale ya ubatizo ambayo serikali ilikuwa imeyakataza kwenye karatasi zake.

Kwa Mama Emérance ndipo Hortense alipomwona yule msichana kwa mara ya kwanza.

Alikuwa ameketi katikati ya wanawake, mgongo ukutani, kitenge cha buluu, miguu ameikunja vizuri kama mtu aliyelelewa. Nywele zake zilikuwa mbichi, kama ametoka kuoga mtoni. Wimbo wa maombolezo ulipoanza, alilia. Alilia vizuri, bila makelele, kama mtu wa nyumbani hasa, mpaka Mama Emérance mwenyewe akamshika mkono na kumbembeleza. Hortense alifikiri ni mpwa wa marehemu. Aligeuka kuchochea moto. Alipotazama tena, msichana hakuwepo, na pale alipokuwa ameketi mkeka ulikuwa umelowa.

Jumamosi ya pili alikuja tena, nyumba nyingine. Ya tatu vilevile. Alichelewa kidogo kila mara, akaketi ukutani, akalia, akaondoka kabla watu hawajaanza kuagana. Hakuna aliyeshangaa. Kwenye matanga nani anamuuliza mtu umetoka wapi? Anayelia nawe ni wako.

Jumamosi ya sita ilikuwa kwa Kanyere, mjane kijana kuliko wote. Mchana ule Hortense na Mama Emérance walikuwa wanaosha mchele kando ya nyumba. Kanyere akaja, akainama kati yao. Akamwambia Mama Emérance kwa sauti ndogo kwamba anamshukuru kwa kumtuma yule binti yake kila Jumamosi.

Mama Emérance aliacha mchele.

"Uyu si mutoto yangu," alisema. "Siye tulizania ni wa kwenu."

Wakaitana. Mmoja baada ya mwingine, wake wa nyumba zile sita wakasimama pale nyuma ya nyumba, mikono imelowa maji ya mchele. Wa pili alidhani ni wa tatu. Wa tatu alidhani ni wa nne. Hakuna hata mmoja ambaye binti yule alikuwa wake. Hakuna aliyejua jina lake. Kanyere alisema kwamba kila akimshika mkono, unakuwa baridi kama chupa iliyolala kisimani.

Wakachungulia uwanjani. Ukutani palikuwa wazi.

Hortense alirudi kwenye moto wake. Aliinama kupuliza kuni, na alipoinua kichwa msichana alikuwa amesimama upande wa pili wa sufuria, karibu, moshi ukimpita usoni naye hapepesi macho. Harufu ya matope ya mto ilikuwa imejaa pale. Maji yalikuwa yanamtoka sikioni, tone, tone. Hakuyafuta.

"Mama mwalimu," alinong'ona. "Siku ya kusoma majina, na miye utanitaja?"

Hortense alitaka kuita mtu. Alichoweza ni kile anachokifanya kila siku darasani.

"Weye unaitwa nani?"

Msichana alimtazama kwa huruma.

"Uulize bwana yako," alisema.

Upepo ukageuza moshi. Hortense akafumba macho. Alipofumbua, aliona tu ardhi, na juu yake alama mbili za nyayo zilizojaa maji, katika jua kali la mchana.

Alitembea mpaka nyumbani bila kuaga. Kamate alikuwa mezani anakula ndizi. Hortense alibaki amesimama mlangoni. Akamwambia kuna msichana anakuja kwenye matanga, wala si wa nyumba yoyote. Hakusema zaidi ya hapo.

Kamate aliweka ndizi chini.

"Iko na kitenge ya bleu," alisema. Hakuwa anauliza.

Kisha akamwambia yote, macho yake yakiwa mezani. Siku ile, Komanda, msichana mmoja alimwomba lifti mpaka Bunia kwa shangazi yake. Wale sita walikuwa juu, kwenye magunia. Yeye alimweka mbele, ndani, kando yake. Walikuwa wanacheka. Walipokaribia daraja, Kamate alikuwa amegeuza uso kumtazama, na mkono mmoja hakuwa nao kwenye usukani. Kamyo ilipopinduka, mlango wa upande wa msichana ulifunguka na kumtupa mbali, chini, kwenye majani ya kando ya maji. Watu wa mashamba walikuja, askari wakaja, wakawatoa wale sita. Wakamuuliza shofere alikuwa amebeba watu wangapi. Kamate alifikiri habari itafika Mbunya kwamba watu sita walikufa kwa sababu alikuwa anamtazama msichana. Alimfikiria Hortense. Akasema walikuwa sita.

"Alikuwa anaita," alisema Kamate. "Polepole. Watu walikuwa wanalia, hawakumusikia. Miye nilimusikia. Nilisema sita, naye alikuwa anaita."

Hortense hakulia. Alimuuliza jina la msichana. Kamate akatikisa kichwa. Hakuwahi kumwuliza.

Usiku ule walilala kila mtu upande wake, na asubuhi Hortense alimpeleka kwa Fulgence. Katekista alimsikiliza mpaka mwisho, akavaa viatu, akaenda naye kwa askari. Kamate alisema, wakaandika, wakamwambia asitoke mjini mpaka aitwe tena. Siku iliyofuata tu ndipo walipomruhusu aende mpaka darajani kuonyesha mahali, pamoja na askari mmoja, Fulgence, Hortense na wanaume wawili wenye majembe.

Hawakuhitaji kutafuta. Kutoka barabarani mpaka chini kwenye maji majani yalikuwa yamelala upande mmoja, njia nyembamba, kama ya mtu anayepanda na kushuka kila siku. Mwisho wa njia ile alikuwepo. Miezi minne ilikuwa imefanya kazi yake. Kitenge kilikuwa bado cha buluu.

Fulgence aliendelea mpaka Komanda na Hortense. Waliuliza njia panda, pale kamyo zinaposimama, na wauza ndizi za kuchoma wakawaelekeza kwa mwenzao mmoja, Madeleine, ambaye binti yake alikwenda Bunia mwezi wa sita. Walimkuta anageuza ndizi kwenye makaa. Fulgence alimwambia kwa upole, kama alivyokuwa amezoea kuwaambia watu. Madeleine aliwasikiliza, akapuliza makaa yake, akasema wamekosea nyumba.

"Geneviève hajakufa," alisema. "Ananikumbuka kila juma."

Walidhani ni uchungu unaosema. Walikuwa wamewaona wengi namna hiyo. Walimwonyesha kipande cha kitenge, wakampa muda. Siku ya tatu ilikuja habari kupitia shofere mmoja kwamba Madeleine amekubali. Atakuja tarehe mbili. Ana ombi moja tu, yule mwanaume asiwepo.

Kwa hiyo Kamate alibaki nyumbani siku ile. Hortense alimwacha ameketi kitandani, amevaa shati safi kana kwamba anakwenda.

Kanisa lilijaa. Habari ilikuwa imekwisha kuzunguka mji mzima, na watu walimpisha Hortense njia bila kumgusa. Alisimama mbele. Alisoma jina la mume wa Mama Emérance. Alisoma la mume wa Kanyere. Akasoma la tatu, la nne, la tano, la sita, na kila jina ukoo wake ukajibu kwa pamoja kwamba yuko kwa Mungu. Kisha akasoma Geneviève. Hakukuwa na ukoo wa kujibu, ila mama mmoja mwembamba kwenye benchi la mbele. Kabla Madeleine hajafungua mdomo, wale wajane sita waliinuka, wakajibu naye. Mama Emérance alikuwa wa kwanza.

Nyuma kabisa, kwenye benchi lisilokuwa na mtu, mbao zililia. Kama zinavyolia mtu mzito anapoinuka. Waliokuwa karibu wakageuka. Mlango ulikuwa wazi na jua lilikuwa linaingia.

Walimzika kando ya wale sita, katika sanduku lililokuwa limemngoja mama yake tangu walipomtoa kando ya maji. Hortense alipotupa udongo alihisi mzigo umeshuka mabegani, akavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Kanyere alikuja akasimama karibu naye.

Baada ya mazishi wote walikwenda kwa Mama Emérance. Madeleine aliomba kitunga chake alichokuja nacho kutoka Komanda. Alikiweka mapajani, akasema kabla ya kula anataka kuwashukuru, maana wao ni watu wenye roho nzuri. Binti yake alikuwa nao, na wao hawakumnyima kitu, wala hawakumzuia kumkumbuka mama yake.

Akatoa sahani. Sahani za bati, nyeupe, zimeoshwa zikang'aa. Sita.

Wanawake wa Mbunya wana desturi ya kutia alama chini ya sahani zao kwa rangi ya kucha, kwa sababu kwenye matanga vyombo vinachanganyika. Mama Emérance aligeuza ya kwanza. Akaona nukta zake mbili. Kanyere akaona msalaba wake. Kila mmoja wa wale sita alichukua iliyo yake.

Madeleine aliwaeleza, bila kujua anachowafanyia. Kila Jumapili asubuhi alikuta sahani mlangoni pake, imefunikwa na jani la ndizi, chakula kikiwa bado cha moto. Alidhani mashofere ndio wanaoleta. Kutoka Bunia mpaka Komanda, kwa barabara ile, kamyo inakula nusu siku.

"Hapana shaka alikuwa anawaza njaa yangu," alisema.

Kisha akaingiza mkono tena kwenye kitunga.

"Iko ingine moja. Hii niliikuta jana asubui, wakati ninafunga mizigo. Sikuweza kukula."

Ilikuwa imefungwa kwa kitambaa. Aliangalia wanawake mmoja mmoja, akingoja mwenye nayo. Wote sita walikuwa na zao mkononi. Jana ilikuwa Alhamisi. Hakuna nyumba iliyokuwa na matanga.

Hortense aliipokea kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Kitambaa kilikuwa na joto. Alikifungua. Ndani kulikuwa na wali, na kando yake sombe iliyotiwa karanga za kuponda. Avenue nzima ni yeye peke yake anayetia karanga kwenye sombe, alivyofundishwa na bibi yake. Wiki hiyo hakuwa amepika sombe.

Aliinua sahani juu ya kichwa, akatazama chini yake. Herufi H, nyekundu, na mkia wake mdogo upande wa kulia. Mwandiko wake, kwenye chakula cha matanga ambayo nyumba yake ilikuwa bado haijayaona.

Hakuaga. Alitembea, kisha akakimbia, sahani imekumbatiwa kifuani. Kamate alikuwa ameketi palepale kitandani, mzima, na shati lake safi. Alimuuliza mazishi yameendaje. Hortense alimpita. Alikwenda kabatini, akatoa sahani zake, akazihesabu kwenye sakafu. Alinunua kumi na mbili mwaka alioolewa, na hajapoteza hata moja.

Zilikuwa kumi na mbili.

Aliiweka ya kumi na tatu mwisho wa mstari. Kamate alikuja akasimama nyuma yake, akamuuliza hicho chakula ni cha nani. Hortense alikifunika kwa viganja vyote viwili, na mafuta ya mawese yakampita kati ya vidole, mekundu, hayajaanza hata kuganda.