Kifusi Kilichomeza Kandambili

Sila alikuwa fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa Chang'ombe ya Dodoma, na nyumba yake ilikuwa Nzuguni, karibu na korongo. Shingoni hakukosa futi ya kupimia. Kitambaa alikipima mara mbili kabla ya kukikata. Mambo mengine ya dunia alikuwa hayapimi hata mara moja.

Mkewe aliitwa Gladness. Alikuwa na mimba ya kwanza, na miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Asubuhi moja alikuwa anakoroga uji wa uwele, akasema:

"Nataka mama yangu aje akae nami. Mimi sijui kulea mtoto."

"Tutajifunza," alisema Sila.

"Wewe juzi umemwogesha paka kwa sabuni ya unga. Namtaka mama."

Mama yake aliitwa Bi Evelina, na alikaa Gulwe. Gladness alimpigia simu. Bi Evelina alikubali, ila alitoa sharti.

"Nitakuja," alisema. "Lakini kile choo chenu cha magogo sikitaki. Nikitaka kucheza sarakasi nitachezea hapa hapa Gulwe."

Basi Sila akaanza kujenga choo kipya. Shimo lilichimbwa, kuta zikasimama. Ilibaki slabu, yaani kile kifuniko cha zege ambacho mtu anakanyaga. Simenti alikuwa nayo. Hakuwa na mchanga. Dodoma yote inajenga, na kila korongo limechimbwa mpaka limebaki mifupa. Lori la mchanga likipita, watu hulitazama kama bibi harusi.

Siku moja mteja alikuja kufupisha suruali. Alikuwa anaongea na simu. Sila akamsikia akisema, "Siku hizi vifusi vinasagwa. Vinatumika kwenye zege badala ya mchanga." Mteja akachukua suruali yake, akaenda zake. Sila akabaki na maneno hayo. Habari ya nusu ni kama suruali ya mguu mmoja, lakini Sila aliivaa vilevile.

Jirani na nyumba yake palikuwa na duka lililobomolewa. Vifusi vilikuwa vimelala pale, havina mwenyewe. Sila akaomba mkokoteni. Alibeba vipande vya zege, bloku zilizovunjika, plasta, na mapande meupe ya jipsamu yaliyokuwa dari. Akaongeza na matofali mabichi ya jiko lao la zamani, ambayo ni udongo tu uliokaushwa juani. Vyote akavitwanga kwa nyundo, vikawa unga mmoja.

Gladness alimtazama.

"Umemuuliza fundi ujenzi?"

"Mimi mwenyewe fundi."

"Wa suruali."

"Fundi ni fundi, mke wangu."

Alipochanganya zege, lile rojo lilikunywa maji kama ng'ombe waliotoka safari. Akaongeza maji. Likanywa. Akaongeza tena. Akatia na nondo mbili nyembamba zenye kutu, alizookota hukohuko kwenye kifusi. Jua la Dodoma likaikausha slabu upesi kama chapati. Hakuimwagilia maji hata siku moja. Juu akapaka simenti tupu, ikang'aa mpaka unajiona.

Ikawekwa juu ya shimo. Sila akaita majirani waje waione. Jirani mmoja aliyeitwa Zipora alikuwa na uwanja wa kufyatulia bloku. Mikono yake ilikuwa minene kuliko miguu ya Sila, na maneno yake hayakuwa na kizuizi. Aliinama, akagonga slabu kwa ufunguo.

"Umetumia mchanga wa wapi?"

"Sikutumia mchanga," alisema Sila kwa majivuno. "Nimetumia akili."

Zipora alitaka kuuliza zaidi, lakini Sila alikuwa ameshageuka kupokea sifa za mwingine.

Bi Evelina alifika Jumamosi, na kikapu cha karanga na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Kwa mila ya nyumbani kwao, mkwe wa kiume hamkodolei macho mama mkwe. Hamgusi. Akitaka kumwambia jambo, humtuma mkewe. Sila alisimama mbali, akatazama chini, akasema:

"Gladness, mwambie mama shikamoo."

"Mwambie marahaba," alijibu Bi Evelina, naye akiutazama ukuta. "Na mwambie nimeambiwa kuna choo."

"Mwambie kipo, na ni cha kisasa."

Asubuhi ya pili Sila alikuwa uani anapiga mswaki. Alisikia sauti kama gunia la mahindi limeanguka. Kisha sauti ya Bi Evelina, tulivu kabisa:

"Gladness. Mwambie mumeo choo chake kimenishika mguu."

Gladness alikimbia kadiri tumbo lilivyomruhusu. Pembe ya slabu ilikuwa imemeguka. Mguu mmoja wa Bi Evelina ulikuwa umezama mpaka pajani, na kandambili yake ilikuwa imeshaanguka shimoni. Bahati alikuwa amejifunga kanga zake vizuri. Gladness alijaribu kumvuta, ila mjamzito hawezi kuvuta mtu mzima. Na Sila alisimama nje ya mlango akiupa mgongo, povu la dawa ya meno likimtiririka kidevuni. Aingieje? Amguse mkwe? Amtazame mkwe, tena chooni?

"Dada Zipora," aliita. "Njoo. Njoo upesi."

Zipora alipanda ule ukuta mfupi wa uani badala ya kuzunguka. Akatazama, akaelewa.

"Sila, njoo tushirikiane."

"Siwezi. Ni mkwe."

"Basi usigeuke. Shika hii."

Akampitishia Bi Evelina kanga ya pili chini ya kwapa, akarusha ncha zake nje. Sila akazishika bila kugeuka, akaziweka begani, akavuta kwenda mbele kama maksai wa jembe. Zipora akanyanyua. Bi Evelina akatoka, mguu umechubuka lakini mzima. Nje ya ukuta majirani walikuwa wameshajaa. Walimwona Sila na kanga begani na povu kidevuni, akilima hewa.

Bi Evelina alioga, akapakwa dawa kwenye michubuko. Kisha akafunga kikapu chake.

"Gladness, mwambie mumeo simlaumu," alisema, na alisema kwa sauti ya kufika chumba cha pili. "Lakini binti yangu hatalea mtoto kwenye nyumba inayokula watu. Mguu ukipona tunaondoka wote wawili. Atajifungulia kituo cha afya cha kwetu, na mtoto atatambaa kwa bibi yake."

Chumba cha pili Sila alikaa mbele ya cherehani yake ya zamani, kichwa mikononi. Uso ulimwaka kama umepakwa pilipili. Angekuwa na la kujibu, angemtuma nani? Mkewe alikuwa upande wa mama, na alikuwa na haki.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Bi Evelina alitumia choo cha Zipora. Kila asubuhi alipita mbele ya dirisha la Sila akichechemea, kopo la maji mkononi, kandambili mguu mmoja na kiatu cha Gladness mguu wa pili. Sila alianza kuamka mapema na kupita njia ya nyuma kwenda kazini. Huko nako habari ilikuwa imefika kabla yake.

"Fundi," mteja mmoja alimwambia, "suruali yangu umeishona imara? Nisije nikazama."

Sila alicheka kwa meno tu. Jioni alirudi, akaona kile kifusi kilichobaki kimekaa uani kikimtazama. Akakichukia. Akaleta mkokoteni, akaanza kukipakia akakitupe korongoni, asikione tena.

"Unakwenda wapi na hicho kifusi?" aliuliza Zipora.

"Kukitupa korongoni. Kimeniaibisha."

"Mvua zikija, maji yakikuta kifusi chako yatapita wapi? Yatapita nyumbani kwangu. Mkweo tumemtoa. Mimi atanitoa nani?"

Sila aliushusha mkokoteni. Alitazama vidole vyake vya miguu.

"Dada Zipora, siku ile uliniuliza, nikakujibu kwa kiburi. Nisamehe. Nilikosea wapi?"

Zipora hakuwa mtu wa kuacha nafasi kama hiyo ipite bure.

"Ungeniuliza palipo sawa ningekuonyesha upesi, maana ni pachache. Lete chupa mbili tupu na kipande cha slabu yako."

Chupa ya kwanza akatia ule unga wa Sila, nusu. Ya pili akatia mchanga safi wa korongoni, nusu. Zote akazijaza maji, akazitikisa, akaziweka kando. Wakati zinatulia alichukua kipande cha slabu, akakisugua kwa kidole gumba. Kikamomonyoka kama kashata.

"Sasa tazama."

Kwenye chupa ya mchanga maji yalikuwa yameanza kutakata, na juu ya mchanga palikuwa na utando mwembamba wa tope. Kwenye chupa ya Sila tope lilikuwa nene kama mlenda.

"Hilo ni tofali bichi," alisema Zipora. "Udongo. Simenti haishiki udongo. Na hii jipsamu ikilowa hulainika, kisha hugombana na simenti mpaka zege linapasuka. Wewe ni fundi cherehani. Ukitia kiraka, unakata kitambaa gani?"

"Kilicho imara."

"Huchukui kilichooza?"

"Hakishiki uzi."

"Basi hata kifusi ni hivyo. Chagua zege gumu na bloku ngumu tu. Udongo, jipsamu, mbao, plastiki, vioo, vyote weka pembeni. Na yale mabati ya kijivu ya asbesto ya nyumba za zamani, usiyavunje wala kuyasaga. Vumbi lake linaua mapafu."

Sila alitikisa kichwa. Yeye alikuwa ametwanga vyote bila hata kufunga kitambaa puani, na mkewe mjamzito akipitapita.

"Na kiraka," aliendelea Zipora, "kinakuwa suruali nzima?"

"Hapana."

"Wewe ulishona suruali ya viraka vitupu. Kwa kazi yetu hii, makarai matatu ya mchanga wa korongoni, karai moja la chenga za kifusi. Umepunguza mchanga, na zege limebaki zege."

"Na yale maji? Lilikuwa linakunywa tu."

"Kitambaa kinachorudi na kusinyaa kikilowa, unakifanyaje kabla ya kushona?"

Sila akanyanyua uso kwa mara ya kwanza. "Nakiloweka kwanza. Kirudi kabla sijakata."

"Chenga za kifusi zina kiu. Ziloweke kwanza, zishibe, uchuje maji, ndipo uchanganye. Ukizitia kavu unaongeza maji mpaka zege linakuwa uji. Ulikuwa unayajua yote haya, Sila. Uliyaacha kwenye kibanda."

Hilo lilimchoma kuliko utani wote wa Chang'ombe.

Kesho yake walianza. Gladness alikaa mbali na vumbi. Sila alifunga kitambaa puani, akavaa miwani, akanyunyiza maji ndipo akaponda. Alichekecha chenga kwa wavu wa kuchekechea mchanga. Mapande makubwa yaliyobaki juu aliyarudisha kwenye nyundo. Akaziosha zikatoka vumbi, akaziloweka. Alipima kila karai na kusawazisha juu kwa ubao, kama anayepima kola ya bwana harusi. Kwanza wakafyatua kitofali kimoja cha kujaribia. Kilipokomaa Zipora alikiangusha chini. Hakikuvunjika.

"Sasa tumwage slabu ya choo," alisema Sila.

"Ya choo, hapana. Slabu inaning'inia juu ya shimo na kubeba roho za watu. Hiyo tutatumia mchanga safi, kokoto na nondo mpya za kutosha. Nguzo na mikanda ya zege ya nyumba vilevile, mpaka mtaalamu aseme. Kifusi kitakuwa sakafu ya bafu, njia ya kwendea chooni, na pale pa kufulia. Hapo tutaokoa mchanga wa uwanjani kwangu, utoshe slabu."

Ndivyo walivyofanya. Baada ya kumwaga, Sila alifunika zege lote kwa magunia, akayalowanisha asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Bi Evelina alimwona kwa dirisha akimwagilia sakafu kama bustani ya mchicha.

"Gladness," alisema, "muulize mumeo kama itaota."

"Mama anauliza kama itaota."

"Mwambie simenti haikauki ikawa ngumu. Hukomaa kwa maji. Mwambie nilikuwa sijui." Kisha akasema akitazama ndoo: "Mwambie naona aibu sana."

Bi Evelina alifungua kikapu, akatoa karanga, akamwambia Gladness akamkaangie mumewe.

Siku magunia yalipoondolewa, Sila aliingia chooni mwenyewe. Akasimama katikati ya slabu, akaruka. Akasimama kwenye kila pembe, akaruka. Kisha akaita Zipora, ambaye ni mzito kuliko yeye, naye akaruka. Slabu haikusema kitu. Mlangoni Sila akaacha kandambili mpya, jozi, akaondoka bila kugeuka. Akajifungia chumbani na cherehani yake, ila hakushona. Alisikiliza.

Alisikia kikapu kikiburuzwa. Akajua safari imefika. Kisha akasikia hatua, taratibu, kwenye ile njia ya kifusi. Mlango wa choo ukagonga. Sila alijikuta ameng'ata futi yake.

Mlango ukafunguka. Hatua zikarudi, zikasimama chini ya dirisha lake.

"Gladness," Bi Evelina aliita, na Gladness alikuwa jikoni, mbali kabisa. "Hicho kikapu nilichokisogeza, kirudishe chumbani. Mtoto atazaliwa hapahapa Dodoma. Na mwambie mkwe wangu nimeingia na kandambili mbili, na nimetoka na kandambili mbili."