Aliyekalia Kigoda cha Acidri

Jumamosi asubuhi Sule wa bodaboda alimpiga Acidri kofi la mgongo, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Fundi! Jana wewe iko moto! Umecheza mpaka umekalia sufuria ya mama wa watu."

Acidri alikuwa kwenye cherehani yake, nje ya nyumba yake, barazani pale sokoni Koboko, anajaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa mara ya sita.

"Jana wapi?"

"Kwa Margarita, wapi tena? Mimi napita na abiria, nakuona na macho yangu haya."

Acidri aliulamba uzi, akajaribu tena. Jana hakutoka nyumbani. Tangu saa kumi alikuwa amejifungia ndani, blanketi mbili na koti juu, meno yanagongana, anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Ufunguo aliutupa nyuma ya kabati asije akajidanganya. Mwanamume mzima kujifichia ufunguo wa mlango wake mwenyewe! Lakini ndivyo alivyofanya, na heri alivyofanya.

Huyu hakuwa mlevi wa kila siku. Wa kila siku angalau unajua pa kumweka. Acidri alishona Jumatatu mpaka Alhamisi, mshono umenyooka, na nusu ya sare za shule za Koboko zilitoka mikononi mwake. Ijumaa saa kumi anaingia kwa Margarita kunywa kwete, ile pombe ya mahindi, na ukimwona tena kazini ni Jumatatu, uso umevimba, hakumbuki kitu. Mkewe Driwaru alivumilia miaka saba. Kilichomwondoa si kipigo, maana hakupigwa. Jumapili moja fundi alirudi amelewa, akawasha pasi ya makaa anyooshe sare, akasinzia. Meza ikashika moto, na chini ya meza mtoto wao Helen alikuwa amelala kwenye mkeka. Driwaru akamvuta mtoto, akamwaga maji, akafunga nguo, asubuhi akapanda gari la Arua kwenda kwa mama yake, mtaa wa Mvara. Hakulia wala hakutukana. Mwanamke akitukana bado yupo. Akinyamaza, tafuta wa kukupikia.

Ijumaa iliyofuata Acidri alikuwa tena kwenye kigoda chake kwa Margarita, kibuyu cha kunywea kimejaa, ameshameza mafunda mawili. Simu ikalia. Akakiweka kibuyu chini, akatoka nje kusikiliza.

"Helen anauliza kama nyumba iliungua yote," Driwaru alisema. "Nimwambie nini?"

Acidri alisogea mbali na kelele za ndani.

"Nikikaa mwezi mmoja bila kusikia umekunywa, nitarudi. Nikisikia mara moja tu, nakuja kuchukua vitu vyangu."

Simu ikakatika. Fundi akasimama kwenye vumbi, malori yanayokwenda mpakani Oraba yanampita, kisha akashika njia ya nyumbani. Hakurudi ndani hata kuaga.

Tangu hapo zilikuwa zimepita siku nane. Watu husema ugumu wa kuacha pombe ni kiu. Kiu ni kweli, lakini hawakuambii habari ya jioni. Pombe ilimpa Acidri marafiki kumi na wawili, na alipoiacha hakubaki hata wa kumwazima kiberiti. Walipita barazani wakiangalia upande wa pili wa barabara, kama vile ana upele. Jioni alipika ugali wa muhogo wa mtu mmoja, akala nusu, akasikiliza kijiko chake mwenyewe kikigonga sahani. Siku ya tano alijikuta anaisalimia cherehani.

Kwa hiyo maneno ya Sule aliyachukua kama mzaha. Lakini Sule si mtu wa uongo. Ni mtu wa mdomo, na hiyo ni mbaya zaidi: mkewe ana dada Mvara, na habari ya Koboko hufika Mvara kabla ya gari.

Saa kumi Acidri aliinuka. Alikwenda mpaka mbele ya kwa Margarita, akabaki ng'ambo ya barabara, nyuma ya magunia ya makaa ya mtu. Jua lilikuwa bado kali, watoto wanapita na madumu ya maji, hapakuwa na giza la kusingiziwa. Chini ya paa la nyasi walikaa wenzake wote kwa mviringo, na kwenye kigoda chake, kile cha mguu mmoja mfupi, alikaa Acidri.

Alikuwa na koti lile lile la kahawia alilokuwa nalo yeye mwilini, kiwiko kile kile kimetoboka, na alikuwa anacheka kicheko ambacho fundi hakuwahi kukisikia kwa nje kwa sababu siku zote alikuwa ndani yake, kicheko kirefu chenye kukohoa mwishoni, na wenzake walikuwa wanampiga makofi magotini na kumwita ndugu, na kibuyu kilikuwa kinakwenda mdomoni na kurudi, kinakwenda na kurudi, wala kilichomo hakipungui, na nzi waliojaa pale kama kawaida ya mahali pa kwete walikuwa wanatua juu ya kila kibuyu na kila mdomo isipokuwa wake. Kisha yule mtu akaacha kucheka, akageuza shingo taratibu, akamtazama moja kwa moja kupitia katikati ya magunia, akainua kibuyu kumkaribisha. Harufu ikavuka barabara: kwete iliyochachuka, na chini yake harufu ya shimo lililofukuliwa, mvua ikanyesha ndani, likaachwa.

Alifika nyumbani hajui kwa njia gani. Simu ilikuwa inalia.

"Nimesikia," alisema Driwaru.

"Si mimi, mama Helen. Nakuapia, mimi hapana kunywa siku nane. Nimemwona mwenyewe, si mimi."

"Kila Jumatatu ulikuwa unasema si wewe, ni pombe." Hakupandisha sauti. "Jumatatu hii nakuja na pikapu."

Jumapili asubuhi, kengele za kanisani zimeshanyamaza, mlango uligongwa. Alikuwa Margarita, gauni la misa, rozari mkononi, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona, lakini siku hiyo alinong'ona. Hakuingia. Alimtazama fundi juu mpaka chini, akafanya ishara ya msalaba.

"Kumbe wewe iko hapa kweli."

"Niwe wapi, mama?"

"Kwangu. Nimekuacha kwangu sasa hivi." Akameza mate. "Amekaa toka Ijumaa. Wenzako wanalala, wanaamka, yeye anakaa. Siku mbili kwete, Acidri, na hajakwenda kukojoa hata mara moja. Huyo hapana mutu."

"Wengine hawaoni?"

"Wataona nini, na macho ya kwete? Mimi tu naona, maana mimi hapana kunywa ile ninayopika. Mimi si mjinga."

Acidri akashika fremu ya mlango. "Sule anajua sheikh mmoja anaandika kombe, zile aya za kuoshwa na maji unywe. Au tumwite padri."

"Padri atakuja kugombana na mimi habari ya pombe, basi. Hii hapana kazi ya padri wala ya sheikh. Wewe, kwangu umekunywa miaka kumi na moja, sheria huijui? Mutu akitosheka anafanya nini?"

"Anafunika kibuyu chake mdomo chini, anasema ametosheka."

"Akiacha wazi?"

"Anarudi. Tunamwekea nafasi."

"Ehe! Wewe uliacha wazi, kimejaa, ukaenda zako kama mwizi. Nafasi ikangoja. Kiu yako ikangoja pale, Jumamosi, Jumapili, wiki nzima, mpaka ikapata jini la kuivaa. Mimi nimejaribu kukifunika. Kinageuka." Alionyesha kiganja kilichobabuka. "Mwenye kibuyu ndiye anafunika. Njoo saa kumi. Na usinywe, hata tone. Ukinywa kutoka mkono wake, basi yeye ndiye atarudi hapa nyumbani, na wewe ndiye utakaa kwangu."

Akageuka kwenda, kisha akarudi hatua moja. "Na mimi napoteza mteja. Hiyo nayo ujue."

Saa kumi Acidri aliinama kuingia chini ya lile paa. Taban, ambaye amekunywa naye miaka kumi na moja na kusimamia ndoa yake, aliinua macho mekundu.

"Karibu, mgeni," alisema Taban. "Wewe ni ndugu ya Acidri? Munafanana sana."

"Taban, ni mimi."

"Mimi nani? Acidri iko hapa." Wote wakacheka. Mmoja akasema huyu mgeni ana uso wa polisi. Hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Marafiki kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona akiwa na akili zake jioni, sasa wangemjuaje?

Aliyekaa kwenye kigoda hakucheka. Kwa karibu ngozi yake ilikuwa na unyevu wa mtungi. Alinyoosha kibuyu kwa mikono miwili, mikono iliyotulia kabisa, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya huruma, sauti ambayo Acidri alikuwa hajaisikia kwa mtu yeyote kwa siku tisa.

"Umechoka, ndugu. Onja tu, mikono itatulia. Kesho mke wako anakuja. Utampokea na mikono hiyo?"

Fundi akakipokea. Kikacheza mikononi mwake, kwete ikammwagikia kwenye kifundo cha mkono, ya uvuguvugu, na mdomo wake ukajaa mate mpaka akaona haya. Akakigeuza chini. "Nimetosheka," alisema, kama inavyosemwa.

Kibuyu kikainuka, kimejaa.

"Mwongo," alisema yule.

Akakigeuza tena, akakikandamiza kwa viganja, kikachoma kama pasi. "Nimetosheka!" Kikamsukuma mikono, kikasimama, kimejaa pomoni, na wenzake wakapiga makofi wakidhani ni mchezo, na yule wa kwenye kigoda akamsogelea mpaka magoti yakagusana, harufu ya shimo ikamwingia puani na kooni, na Acidri akahisi shingo yake inainama yenyewe kuelekea kwenye kibuyu, polepole, kama ya ng'ombe kwenye kisima, akiiona sura yake ndani ya ile kwete ikimngojea, na upande wa pili Margarita amesimama na mwiko wake, midomo inakwenda, hana la kufanya.

Hapo ndipo alipoacha kusema uongo.

"Sijatosheka," alisema. "Sitatosheka. Ukinipa mtungi mzima sitatosheka. Naondoka na kiu yangu hivyo hivyo."

Akageuza kibuyu. Kikakaa. Kwete ikaingia ardhini mara moja kama kwenye mchanga, na kigoda kilikuwa kitupu.

Taban akafikicha macho. "Acidri? Umetoka wapi, ndugu yangu? Kaa, kaa basi!" Akasogea, akapangusa kigoda kwa mkono, na wengine wote wakaanza kumwita kwa jina lake, kwa furaha. Hata jini halikumpa kazi ngumu kama kuikataa furaha hiyo. Aliwaangalia mmoja mmoja, akatoka.

Njiani alisikia hatua nyuma yake. Akisimama, zinasimama. Akikaza mwendo, zinakaza. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta kidogo, kama wake siku za Jumapili. Hakugeuka. Maneno yake mwenyewe aliyakumbuka: ameondoka na kiu yake, hakusema anaiacha. Alipofika alifungua mlango, akaingia, akauacha wazi nyuma yake. Aliona heri ikae ndani anapoiona kuliko huko nje ikinywa kwa jina lake. Kitu kikaingia, kikakaa kwenye benchi la ukutani. Acidri akawasha taa, akavuta cherehani, akashona sare mpaka mikono ikakataa.

Jumatatu saa sita pikapu ilisimama nje. Driwaru aliingia bila salamu, akamwambia dereva angoje, akamsogelea mumewe.

"Fungua mdomo."

Akafungua. Driwaru akanusa, akanusa na koti. Kisha macho yake yakaangukia rundo la sare kwenye meza iliyoungua ukingo. Akachukua moja, akafuata mshono kwa kidole. Ulikwenda kama njia ya mbuzi.

"Huu upuuzi ni wa nani?"

"Wangu. Mikono haijatulia."

"Umeshona lini?"

"Hizo za juu jana. Zile nyingine Jumamosi asubuhi."

Driwaru alizihesabu moja moja, zote zimepinda, akazihesabu tena. Miaka saba ya ndoa hakuwahi kuona nguo iliyoshonwa Jumapili. Akatoka nje, akasema na dereva, pikapu ikaondoka. Alirudi na begi lake, akaliweka mlangoni, limefungwa.

"Mpaka Ijumaa," alisema. "Silifungui. Helen atabaki Mvara kwanza."

"Sawa, mama Helen."

Saa kumi Driwaru aliteleka mboga, akaja kupumzika. Acidri alikuwa amekaa pembeni kabisa ya benchi, nusu ya tako nje, mikono kati ya magoti.

"Benchi lote hili, mbona unakaa kama mkopaji?" Akajitupa katikati. Akaruka. Akagusa ubao kwa kiganja. "Hapa kuna joto. Na unyevu. Nani alikuwa amekaa hapa?"

Acidri angeweza kusema hakuna mtu. Alikuwa hodari wa maneno hayo.

"Yule uliyeambiwa," alisema. "Anakuja saa hizi. Hafanyi kitu. Anangoja tu."

Driwaru alitazama ule ubao muda mrefu. Hakukimbia, wala hakumwita mumewe mwendawazimu. Alizunguka, akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa mumewe, mabega yakagusana.

"Akiomba, usimpe," alisema.

Wakakaa hivyo, mboga ikichemka jikoni. Kisha, karibu kabisa na masikio yao, mtu akameza mate, taratibu, kwa koo lililokauka. Driwaru akamtazama Acidri kooni, Acidri akamtazama Driwaru, na hakuna kati yao aliyekuwa amemeza.