Madoa ya Mama Mdogo

Wakati wa likizo, Khadija alikwenda mtaa wa Raskazone kila asubuhi kumsaidia mama yake mdogo, Mwanaasha, aliyekuwa mjamzito. Alifua, akafagia, kisha akamkanda miguu huku wakipiga soga.

Siku hizo viganja vya Mwanaasha vilikuwa na madoa ya rangi ya shaba. Bibi yake Khadija alikwisha kutoa hukumu: ni piko, ile rangi nyeusi ya urembo, aliyopakwa kwenye harusi ya jirani.

"Piko za siku hizi sumu tupu!" alifoka. "Paka liwa, yatatoka."

Liwa, ule unga wa mti wa manukato, ikapakwa, weee, nyumba nzima ikanukia. Madoa hayakutikisika.

Asubuhi moja Khadija aliinua mguu wa Mwanaasha, akashtuka. "Mama mdogo, mbona nyayoni pia yapo? Piko si ulipakwa mikononi tu?"

"Acha udadisi. Hayawashi wala hayaumi."

"Twende kliniki basi."

"Nikachekwe kwa madoa tu?" Mwanaasha akavuta mguu wake.

Machozi yalimlenga Khadija. Alimngoja mtoto aliyekuwa tumboni kwa hamu kubwa. "Na mtoto je? Kama si piko bali ni ugonjwa, ukimdhuru yeye atamlalamikia nani?"

Kesho yake walikwenda kliniki. Nesi Bibiana alimpima damu chumbani, Khadija akingoja nje kwenye benchi. Mama mdogo alitoka macho mekundu, akaketi karibu naye.

"Ni kaswende, mwanangu, ugonjwa wa zinaa. Huweza kutoa madoa kama haya viganjani na nyayoni. Yangepotea yenyewe, lakini ugonjwa ungebaki ndani na kumdhuru mtoto. Nimechomwa sindano."

Mumewe, Mudathir, aliitwa naye akatibiwa. Alipoanza kujitetea, nesi alimkatiza kwa upole. "Baba, hapa hatutafuti mkosaji. Tunamtibu mgonjwa."

Miezi ilipita, Mwanaasha akajifungua mtoto wa kike. Mtoto alipimwa, akaonekana mzima, na kelele zake zilisikika mpaka barabarani. Bibi alimpakata, akambusu, kisha akamkabidhi Khadija.

"Mshike vizuri, huyu ni wako pia," alisema. "Sisi watu wazima tuliubunia ugonjwa jina, na aibu ikatufunga miguu. Usilojua la mwilini, kaulize hospitali mapema. Wahenga walisema, mficha uchi hazai."

Khadija alimkumbatia mtoto, akalia kwa furaha.