Mtungi wa Waroma na Shamba la Sange

Jumapili, saa mbili asubuhi. Nyuma ya duka la Georgette, mtaani Mulongwe, Félicien alichora nyumba ya Léopold, tajiri wa mchele, kwa mkaa juu ya gunia. Mistari ilikwenda upogo. Michée alimtazama kwa dharau. Jambazi asiyejua kuchora mlango!

"Léopold na mulinzi wake bako ku kanisa mpaka saa tano," Félicien alisema. "Minye nitabeba mutungi. Weye utachukua karatasi yako."

Mtungi huo wa Léopold ulitoka Italia, katika merikebu ya Waroma iliyozama zamani za kale. Shingoni ulikuwa na maandishi mekundu: jina la mfanyabiashara na uzito wa mafuta aliyosafirisha. Délice, mnunuzi kutoka Bujumbura, aliyataka hayo kuliko mtungi wenyewe.

Michée hakutaka mtungi. Léopold alikuwa amejaza mchele wa ng'ambo sokoni kwa bei ya kutupa, mpaka wakulima wa Sange wakaozewa na mchele wao. Baba yake Michée akamuuzia Léopold shamba. Siku hiyo Léopold aliupigapiga mtungi wake, akacheka: "Baroma balileta ngano ya Misri na meli, balimaji ba kwao bakauzisha mashamba. Biashara ni ile ile, muzee."

Hati ya mauzo ilikuwa moja tu. Kesho ingepelekwa kuandikishwa. Ikipotea leo, shamba linarudi.

"Nitaichoma palepale," Michée alisema.

"Hapana. Itakaa kwangu mpaka mutungi inauzwa. Siamini mutu mwenye ameshapata yake."

Saa tatu na nusu. Nondo ilivunja mlango wa nyuma wa Léopold. Félicien aliukumbatia mtungi, Michée akavuta droo. Alipoiona hati alitaka kulia. Félicien akamnyang'anya, akaitia kifuani.

Mtungi ulichongoka chini, haukuweza kusimama. Dukani wakamwachia Georgette aushike, wao wakaenda kutafuta mtumbwi wa kuuvusha mpaka Bujumbura.

Saa nne na robo. Waliporudi, mtungi ulikuwa unang'aa. Georgette alikuwa na majivu mpaka viwikoni.

"Weye umefanya nini?" Félicien alifoka.

"Nimeusukula! Unapelekea mugeni chombo kichafu? Batasema sisi ni batu ba namna gani?"

Makome ya baharini, chumvi, maandishi mekundu: vyote vilikuwa vimekwenda na maji machafu. Bahari ilishindwa kuyafuta maandishi hayo miaka elfu mbili, Georgette akayamaliza kwa nusu saa.

Saa nne na nusu. Délice alifika dukani, akaugeuza mtungi mara moja tu.

"Jina ya mwenye mali iko wapi? Hii ni chungu tu. Mubaki nayo." Akapanda pikipiki, akaondoka.

Félicien akatoka na simu. Michée alimfuata, akamsikia nyuma ya ukuta: "Patron Léopold, karatasi yako ya Sange iko kwangu. Na mwizi wake niko naye hapa. Kuja na polisi, na zawadi yangu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Michée akamrukia. Wakabiringika matopeni. Félicien alikuwa na nguvu zaidi. Akamkalia kifuani, akambana mikono. Lakini hati ilikuwa imechomoza kwenye shati lake. Michée akainua shingo, akaidaka kwa meno.

Saa tano kasoro dakika kumi. Léopold alifika na polisi wawili, bado na suti ya kanisani.

"Karatasi yangu iko wapi?"

"Anaikula, patron," Félicien alisema, akihema. "Nimemupiga, anatafuna tu."

"Mubafunge bote babili!"

Polisi walimfinya Michée mashavu afungue kinywa. Hakikuwa na kitu; hati alikuwa ameshaimeza. Walipomfunga kamba aliogopa sana, na alikuwa na furaha.